Sentensi Kamili za Kulsumbai

Ilianza Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, na saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeikodolea macho saa ya ukutani dukani kwa Kulsumbai ili nisimtazame mgeni usoni. Aibu niliyoipata kuanzia hapo sijawahi kuiona, hata siku ile shuleni Lindi nilipoanguka na sufuria ya uji mbele ya bweni zima (na ile nilidhani ndiyo mwisho wa aibu duniani).

Mgeni aliitwa Dokta Salum, mtu wa Chuo Kikuu, amekuja hapa Kivinje na mashine ya kunasa sauti, na aliyemleta dukani ni katibu wa tawi. Mimi nilikuwa likizo. Mama yangu anashona kwa cherehani kibarazani kwa Kulsumbai tangu sijazaliwa, nimekulia ua ule ule, kwa hiyo Kikachi, lugha ya Kihindi ya nyumbani kwao, nakisema kama wenyewe. Katibu akanisukuma mbele.

"Huyu hapa Somoe atakusaidia, yuko kidato cha pili. Si wa maneno mengi, lakini kichwa kipo."

Basi Dokta akanieleza kazi yake, kwamba anachunguza lugha za Asia, Kikachi na Kigujarati na nyingine za huko mbali, akasema sintaksia, akasema udondoshaji, akasema mambo ya kutosha muhula mzima, nami nimeinama nachora sakafuni kwa kidole gumba cha mguu, hata mwisho akauliza, "Umeelewa, binti?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

"Vizuri. Kesho tunaanza. Waambie waongee tu."

Nilichoelewa mimi (yaani nilichojitungia) ni kwamba amekuja kupima kama Wahindi wa kwetu wanasema lugha yao sawasawa. Na shuleni kwetu mwalimu akiuliza "Nani kafuta ubao?" ukajibu "Asha," utasimama mpaka kengele ilie, maana jibu ni "Asha ndiye aliyefuta ubao." Kwa hiyo jioni ile nikamwendea Kulsumbai, mjane mwenye duka, na mzee Jafari, shemeji yake, nikawaonya.

Kulsumbai akaacha kupima sukari. "Anakuja kutupima? Kwa nini sisi?"

Wahindi wenzake wengi walikwishahama nchi wakati ule, na kila mgeni mwenye karatasi alimtia hofu. Yeye alikataa kuhama. Amezaliwa hapa, na mumewe amezikwa hapa.

"Usiogope, Ma," nikamwambia, nikajiona mtu mkubwa. "Kila akiuliza, mjibu kwa sentensi kamili. Usiache hata neno."

Jumatano asubuhi mzee Jafari alikuja na koti lake la harusi, jasho linamtiririka. Mimi nikashika kipaza sauti. Dokta akauliza kwa Kikachi, nani amefungua mlango? Mtu mwenye akili zake angesema "Jafari," basi. Kulsumbai akakohoa, akanyoosha mgongo, akasema, "Mlango huu wa duka letu umefunguliwa na shemeji yangu Jafari, naye ndiye aliyeufungua mlango huu." Na kila jibu lilikuwa la urefu huo, kanda tatu nzima, Dokta anaandika mpaka wino unamchafua vidole, nami nikatabasamu kama mwalimu aliyefaulisha darasa.

Alasiri katibu akaita watu waje kuisikia mashine. Kibaraza kikajaa, barabara ikajaa. Dokta akasimama, furaha inamwagika.

"Ndugu zangu, popote nilipopita, Wakachi hudondosha maneno kama sisi sote. Ukimuuliza mtu umekula, anakujibu bado. Lakini hawa wa Kivinje hawadondoshi kitu! Sijaona mahali pengine. Kesho saa mbili naondoka na lori, na jambo hili nitaliandika."

Ndiyo kwanza nikaelewa nini alichokuwa akitafuta, na nini nilichokifanya. Nilitaka kusema, walahi nilitaka, lakini watu walikuwa wengi na ulimi ukawa kama kipande cha mbao.

Kumbe mbuzi wa jirani amekwishaingia dukani kwa mlango wa nyuma. Kulsumbai akageuka, akakuta kichwa kimezama guniani, akasahau wageni, akasahau mashine, akasahau Chuo Kikuu, akapiga ukelele kwa Kikachi, "Mbuzi! Mchele! Fimbo, Jafari!"

"Shemeji!" mzee Jafari akamnong'oneza kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika sokoni. "Sentensi kamili!"

Watu wakacheka. Dokta hakucheka. "Sentensi kamili? Nani kawafundisha hayo?"

Mzee Jafari akanitazama. Kulsumbai akawahi kusema, "Hakuna. Ni akili yangu mwenyewe. Niliona haya kuongea ovyo mbele ya msomi."

"Mama, umeniharibia kazi."

Katibu naye akapandisha sauti. "Kulsumbai! Unamdanganya mgeni wetu? Ndiyo uraia huo?"

Nilimwona Ma akiinamisha kichwa. Na mimi, badala ya kusema, nikakimbia. Mguu ukanasa waya, gurudumu la kanda likaruka, utepe ukanizonga kifundoni, nikapita sokoni naburura utepe mweusi wa mita sijui ngapi, na muuza samaki mmoja akaita, "Somoe, umeota mkia?"

Mama alinikuta jikoni nalia. Hakunigombeza. "Yule kakubebea mzigo wako," akasema, akarudi kushona.

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa mlangoni kwa katibu alikolala Dokta, na kikapu chenye lile fundo la utepe. Walikuwa wanakunywa chai kwa mihogo. Nikawaamkia, shikamooni, wakaitikia marahaba. Usiku kucha nilikuwa nimetunga sentensi ndefu, nzuri, kamili. Nikafungua mdomo.

"Mimi," nikasema.

"Wewe nini?" katibu akauliza.

"Jana. Si Ma. Mimi."

Katibu akaweka kikombe chini taratibu. Baadaye akasema, bila kunitazama, kwamba atapita dukani kumwomba mama yule radhi, tena mbele ya watu, kama alivyomkaripia mbele ya watu. Dokta alinitazama sana, kisha akaanza kucheka, akamtuma mtu akamwambie dereva wa lori atangulie.

Akaketi kizingitini, akachukua ncha ya utepe, akanipa penseli niuzungushie, na huku tunakunja akanieleza kazi yake upya, tangu mwanzo, sintaksia na udondoshaji na yote.

"Haya, binti. Umeelewa?"

Kichwa kilikwishaanza kuinama chenyewe kuitikia. Nikakizuia.

"Bado," nikasema.