Unene Ulioletwa na Krimu

Ninyi mnaosubiri kliniki na matumbo yenu mbele, nisikilizeni kidogo kabla nesi hajaanza kuita. Mimi ni Mama Tumaini, wa huku milimani juu ya Hedaru. Nilikuwa mweusi, mbishi, na nilipanda mlima na debe la maji kichwani bila kupumzika. Mweusi na mbishi nimebaki. Miguu nitawaeleza.

Nilipoolewa sabuni ilikuwa adimu. Tulifulia majani ya mpapai, na aliyebahatika kupata mche wa sabuni aliukata akawagawia majirani. Kisha ikaja ruksa ya kuagiza bidhaa nje, vitu vikajaa. Wifi yangu Namkunda akaweka meza Hedaru, mabasi yanaposimama, akauza krimu zilizovushwa mpakani bila kupita forodha. Nilipojifungua Tumaini, akanipandishia makopo ya krimu ya Ulaya yenye picha ya mwanamke anayecheka.

Mnajua kwetu mzazi anawekwa ndani. Miezi mitatu hashiki jembe. Anakula, analala, anapakwa mafuta, ili siku ya kutoka watu waseme ametunzwa. Mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, sisi tulipakwa samli. Wewe utapakwa cha Ulaya." Akanipaka kila asubuhi kwa mikono yake, mwili mzima, huku akiimba polepole. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, sikumbuki kupakwa mafuta na mtu. Nilizipenda mno asubuhi zile.

Mwezi wa pili nikaanza kuwa mweupe. Uso ukajaa, mashavu yakawa mviringo. Wanawake walioniletea maziwa wakapiga vigelegele: "Mkwe amekutunza!" Mama mkwe akafurahi, akaniongezea uji.

Lakini nilipobonyeza mguu, shimo lilibaki. Mkojo ulitoa povu. Shingo iliwaka na kuchubuka, na mikono ilitetemeka nikimshika mtoto. Sikusema. Mzazi akilalamika, watu husema hajatunzwa, nami sikutaka kumwaibisha mama.

Asubuhi moja macho hayakufunguka kwa uvimbe. Tumaini analia pembeni, nampapasa, simwoni. Nikapiga kelele. Mume wangu na majirani wakanishusha kwa machela hadi barabarani, mama mkwe nyuma na mtoto mgongoni.

Hospitalini daktari alinibonyeza mguu, akapima mkojo, akauliza ninapaka nini. Mama akafungua fundo la kanga, akatoa kopo kwa fahari.

"Cha Ulaya, daktari."

Daktari aligeuza kopo, akasoma maandishi madogo ya chini. "Mama, hii ina zebaki. Na hapa wameandika ni ya kuuzwa nje tu. Huko inakotengenezwa, sheria hairuhusu iwekwe dukani. Imemharibu figo huyu binti."

"Atapona?"

"Akiacha leo, anaweza. Na mtoto asinyonye kwanza."

Mama akatazama viganja vyake. Navyo vilikuwa vimechubuka, kumbe alikuwa anavificha. "Nimemuua mtoto wa mwenzangu kwa mikono hii," akasema.

Nikaishika ile mikono. "Mama, hujaniua. Ulinipenda." Tukalia wote wawili, na daktari akajifanya anatafuta kalamu.

Nilikaa wodini wiki nyingi. Vidonge, chakula bila chumvi, mkojo kupimwa kila siku. Maziwa niliyakamua nikayamwaga, huku natokwa machozi. Kifo sikukiogopa sana. Niliogopa Tumaini akue asijue nilikuwa na sura gani. Mama alimnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, akamleta nimnuse.

Namkunda naye alikuja, amebeba boksi la krimu zilizobaki. Akamkabidhi bwana afya zote. "Wifi, nisamehe, sikusoma," akaniambia.

"Hata ungesoma, Kizungu chenyewe kile!" nikamjibu. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu nilazwe.

Namshukuru Mungu, namshukuru na daktari yule. Nanyi wenzangu, kopo lisilotaja kilichomo ndani, au lenye lugha usiyoijua, mletee nesi asome kabla hujajipaka. Na ukibonyeza mguu shimo likabaki, sema siku hiyo hiyo, hata kama wageni wanakupigia vigelegele. Mimi leo nikipanda na debe, nalitua mara mbili njiani. Figo zilipona, ila hazikusahau.

Nimebakiza siku ya kutoka. Nilivyorudi nyumbani, mama mkwe alisema, "Siku zako hukuzimaliza. Tunaanza upya." Akaniweka ndani tena miezi mitatu, akanipaka samli, viganja vyake vikiwa na makovu. Siku ilipofika nikatoka na Tumaini kifuani, mimi mwembamba, na weusi wangu ule ule, shingo ina mabaka. Jirani mmoja akasema, bila hata kupunguza sauti, "Mbona huyu hakutunzwa?"

Mama akanishika kidevu, akanigeuzia uso kwenye jua.

"Mtazame vizuri," akasema. "Ndiye yule yule niliyeletewa siku ya harusi."