Kumwosha Mama Hekaluni

Mambo ya hekaluni hayasemwi nje. Sisi Wamormoni tunalijua hilo kabla hatujapewa hata ufunguo wa kabati la nguo. Mimi nililijua, na bado nilisema.

Nilimwambia mdogo wangu. Alikuwa amefika London kutoka kambi ya wakimbizi ya Kigoma, tukawa tunalala chumba kimoja Peckham, mimi nikiogesha wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia, yeye akisafisha ofisi. Vita ilipoingia Bukavu mimi nilikuwa nimeshatoroka. Yeye ndiye aliyebaki na mama mpaka mama akafa. Kwetu mama akifa huoshwa na binti zake, lakini mama yetu alizikwa nyuma ya nyumba ya jirani na nguo zake na vumbi lake, maana risasi zilikuwa zinapita na bomba la maji lilikuwa ng'ambo ya barabara. Hayo tu ndiyo aliyonieleza. Nikimuuliza zaidi, anageukia ukutani.

Sasa, siku yangu ya kwanza hekaluni, miaka ya tisini ikielekea kuisha, mama mmoja wa Kiingereza mwenye mvi aliniosha. Nilivaa vazi jeupe lililo wazi ubavuni, naye akapitisha vidole vyenye maji: kichwa, masikio, mabega, mgongo, mpaka miguu, kila mahali na baraka yake. Kisha mafuta, vivyo hivyo. Mikono yake ilikuwa baridi. Nililia mpaka nikaona haya. Baadaye akaninong'oneza kwamba ningekuja miaka kumi nyuma ningekuta pia ishara za adhabu, mkono ukipita kooni, ila ziliondolewa. Nikasema asante Mungu. Kule nilikotoka, mkono ukipita kooni haukuwa ishara.

Sikujiuliza, kama hiyo iliondolewa, nyingine itafuata lini. Mjinga mimi!

Hekaluni aliye hai huweza kusimama badala ya marehemu. Nilitaka kumsimamia mama mara moja, halafu nikasema la, mwenye kidonda ni huyu mdogo wangu, na asimame yeye. Weee, kumshawishi ilikuwa kazi! Yeye alikuwa mtu wa ngoma na maombi ya kelele, sisi akituita kanisa la wanong'onaji. "Yaya," aliniambia, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu, "waacheni wafu wapumzike." Siku moja tukiwa tunakula samaki nikashindwa kujizuia, nikamweleza yote. Maji, mabega, mgongo, miguu. "Wewe utakuwa mwili wa mama. Wataosha mpaka nyayo."

Akaacha kula. "Mpaka nyayo?"

Nikamwapia.

Alibatizwa kwa neno hilo tu, wala hakunificha. Mwaka mzima, maana aliyebatizwa karibuni hungoja mwaka kabla ya kuingia hekaluni, aliacha chai iliyo mwiko kwetu, aliacha ngoma zake za Jumapili, akajibu maswali ya askofu ya kumpa kibali bila kununa. Mimi mwaka huo nilifanya kazi hata wikendi, sikukanyaga hekaluni. Na utaratibu ulipobadilishwa, nani angeniambia? Hayasemwi nje.

Siku yenyewe tulipanda minibasi ya kanisa mpaka mashambani huko Surrey. Alikuwa amekata kucha za miguu, amesugua visigino kwa jiwe, utadhani bibi harusi. Angefanyiwa kwanza ya kwake, kisha ya mama. Mimi nikakaa kumngoja. Mlango ulifunguka mapema mno, nikasimama.

Alitoka amevaa gauni jeupe tangu shingoni mpaka chini, hajalowa popote.

"Yaya, ni tone la maji kichwani," alisema. "Ya kwangu tone. Nikafikiri ya mama itakuwa tofauti. Nayo tone. Yaliyobaki wameyataja kwa mdomo tu."

Mama mhudumu akaniinamia, akanong'ona kwamba siku hizi ni hivyo, kwa ajili ya staha, na kwamba maana yake haikupungua hata kidogo. Nilikasirika, Mungu anisamehe, nilitaka kumkwida hapo hapo juu ya zulia. Miaka yote ile nilikuwa nimemngojesha mama kwa ajili ya siku hii. Badala yake nikamgeukia mdogo wangu, nikatamka neno la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kutamka.

"Ni ishara, mdogo wangu. Kichwa kinasimama badala ya mwili mzima."

Alinitazama sana. Hakupandisha sauti.

"Siku ile hatukuwa na maji," alisema. "Nilitemea mate ncha ya kitenge, nikampangusa mama paji la uso, nikakimbia. Kichwa nilishamwosha mimi, yaya. Hapa nilifuata miguu."