Sharubati ya Guliko Yenye Rangi ya Divai

Kwetu Imereti, nchi ya mizabibu, mwanamke akiharibu sharubati ya tarkhuna huimwaga nyuma ya banda la kuku, akaanza upya, na hamwambii mtu. Guliko aliiharibu makusudi, akaichuja kwa adabu zote, akaipeleka mezani siku ya harusi ya mjukuu wake. Mimi ndiye niliyemshikia kitambaa alipokuwa anaichuja, kwa hiyo mkisikia habari hii kwa mtu mwingine, msimwamini.

Guliko ni jirani yangu. Kinachotutenga ni ua wa fito ambao kuku wetu hawajawahi kuutambua. Ana umri wa kukaa kibarazani na mwendo wa mtu anayeogopa kuachwa na gari. Alipika katika jiko la shule mpaka shule ikaishiwa watoto, akarudi nyumbani, akaendelea kupika kwa kipimo kile kile, na mumewe Otia akanenepa kwa niaba ya darasa zima.

Lakini sifa yake ilitokana na sharubati. Majani ya tarkhuna ni membamba na yana harufu inayokaribia shamari. Guliko huyachuma asubuhi umande ukiwa bado juu yake, huyaponda na sukari mpaka yalie maji, huyamwagia maji baridi, huyaacha yatulie, kisha huyachuja. Kinachopatikana ni kijani ambacho mgeni hukiogopa kwanza na kukiomba tena baadaye. Ana miiko miwili. Tarkhuna haipelekwi motoni. Na limau halitiwi mpaka glasi iwe mkononi mwa mnywaji, kwa sababu limau likilala na tarkhuna, kijani chote hufa, ukabaki na kitu chenye rangi ya maji yaliyooshewa sufuria. Wasichana wengi hapa kijijini wamelizwa na hilo limau. Nami nimo.

Sharubati ni ya wanawake, watoto na dereva. Mezani kwa wanaume ni divai, na mwenye meza ni tamada, yaani yule anayeongoza karamu kwa maneno. Tamada husema neno la amani, neno la maharusi, neno la wazazi, neno la marehemu, na kila neno hufungwa kwa glasi au pembe ya mnyama iliyojaa divai, inayonywewa mpaka tone la mwisho. Bia kwetu huinuliwa kwa kuwatakia heri maadui. Sharubati haijawahi kuinuliwa kwa ajili ya yeyote, hata adui. Na Otia alikuwa tamada wa kijiji tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Watu walipanga harusi kwa kutazama kwanza kama Otia ana nafasi, kisha kama kanisa lina nafasi.

Majira ya baridi yaliyopita macho yake yakageuka manjano. Guliko alimpeleka mjini kwa daktari mmoja mwanamke, mfupi, asiyejua kubembeleza.

"Mzee, ini lako limechoka," daktari akamwambia. "Ukinywa glasi, utalala hospitali. Ukinywa pembe nzima, usinisumbue, mwite padri."

"Pembe ya mbuzi au ya ng'ombe?" Otia akauliza.

Daktari alimgeukia Guliko, akamrudia yeye maneno yale yale, kwa upole ambao Guliko alisema ulimtisha kuliko yote yaliyotangulia.

Otia akaacha. Nasema kweli, aliacha, na alikaa nyumbani kwa uchungu wa mtu aliyefiwa. Akitakiwa kwenye karamu alisema mgongo unauma. Kijiji kikamhurumia mgongo wake, kikamletea mafuta ya kuchua. Kisha Tekla akaposwa.

Tekla ni mtoto wa Malkhazi, na Malkhazi alikuwa mtoto wao wa pekee. Lori lake liliteleza kwenye barafu njia ya mlimani wakati Tekla hajaanza hata kutembea. Babu ndiye aliyemlea, ndiye aliyempeleka shule akiwa amemkalisha mabegani. Kwa hiyo hapakuwa na mgongo ambao ungemzuia kuongoza meza ya Tekla.

"Mwachie Shakro meza," Guliko akamwambia, akimtaja mzee mwenzake wa kijijini. Walikuwa uani, nami nilikuwa nimekwenda kuwachukua kuku wangu.

"Shakro akitoa neno la amani, watu hupigana."

"Basi ongoza bila kunywa."

"Guliko, hebu jisikie unavyosema."

"Najisikia. Nasikia na jembe linavyochimba kaburi."

"Mtoto hana baba wa kumsimamia. Asimamiwe na babu aliyeshika glasi ya maji kama mgonjwa wa tumbo?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Guliko akaingia ndani, nikasikia sufuria zinagongana bila sababu. Siku iliyofuata akaniita dirishani. "Njoo, mwanangu, na usiulize."

Nilimkuta amewasha moto, na juu ya moto kuna tarkhuna inachemka. Nilishika mlango. Kumwona Guliko anachemsha tarkhuna ni sawa na kumkuta padri anavuta sigara kanisani. Kisha akakamua malimau humo humo, yote, ikiwa bado moto, kwa hasira. Kijani kikafa mbele ya macho yetu. Akaongeza sukari iliyounguzwa kidogo, akachuja, akachuja tena, akamimina kwenye glasi na kuinyanyua dirishani. Haikuwa na povu wala uchafu. Ilikuwa njano ya kuelekea dhahabu, na divai yetu ya Imereti ni hivyo hivyo.

"Sema," akaniambia.

"Kwa macho ni divai, shangazi. Kwa pua ni bustani."

"Pua watakuwa wamezijaza nyama."

Otia alipoonjeshwa aliigeuza glasi mkononi, akaigeuza tena. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anafikiri jinsi ya kukubali bila kuonekana amekubali.

"Jagi langu liwe peke yake," akasema mwishowe. "Asilishike mtu."

"Hakuna atakayelishika."

"Na ikifika zamu ya marehemu, nitakunywa divai ya kweli."

Guliko akaweka kitambaa chini. "Pembe nzima?"

"Marehemu hawanywewi nusu. Nitawadanganya wageni, Guliko. Padri nitamdanganya. Mtoto wangu simdanganyi."

"Mtoto wako amekufa, Otia. Hatajua."

"Ndiyo maana."

Niliondoka na sikuaga, na usiku huo sikula vizuri, maana nilijua mzee huyu hana tabia ya kutishia. Akisema atafanya, anafanya.

Siku ya harusi meza ilitandikwa chini ya mizabibu, kutoka mlangoni hadi kwenye zizi. Kulikuwa na kuku katika mchuzi wa karanga za jozi, mikate ya jibini, nyama ya ndama, na majagi ya divai iliyotolewa asubuhi kwenye mtungi uliozikwa ardhini. Jagi la Otia lilikaa mbele yake, na Shakro akakaa ubavuni mwake kwa sababu kila aliyejaribu kumwondoa alishindwa. Shakro ana pua ndefu na anaifanyisha kazi.

Otia akaanza. Jamani, mgongo wote ule wa uongo ulikuwa umemkusanyia maneno. Alisema neno la amani mpaka mume wangu akamsamehe ndugu yake habari ya mpaka wa shamba, jambo alilolijutia asubuhi yake. Alisema neno la maharusi, Tekla akainama na kulia ndani ya shela. Kila neno akalifunga kwa pembe, akaipindua kuonyesha haina kitu, na watu wakasema ng'ombe dume huyu hazeeki.

Shakro akanusa. "Divai yako inanukia bustani leo, kaka."

"Mtungi wangu umezikwa karibu na bustani."

"Sijawahi kuisikia harufu hii."

"Wako umezikwa karibu na choo, Shakro, na miaka yote tunanyamaza."

Meza ikacheka, Shakro akala. Mimi na Guliko tulikuwa tunapita na sahani. Kila Otia aliponyanyua pembe, Guliko alihesabu wageni, au mikate, au chochote kilichokuwa karibu.

Kisha Otia akasimama taratibu, na wanaume wote wakasimama bila kuambiwa. Zamu ya marehemu haihitaji tangazo. Hapo hakuna kugonganisha glasi wala kucheka, na kabla ya kunywa unadondosha divai juu ya mkate wako. Otia akalisogeza jagi lake kando. Akachukua la Shakro, akaijaza pembe kubwa ya ng'ombe mpaka mdomoni.

Pembe ikishajaa haiwezi kuwekwa mezani. Haina kitako. Lazima mtu aimalize.

Guliko alikuwa ameshika sinia la kuku. Akalikabidhi kwa mtu wa karibu, ambaye alikuwa padri, akaenda moja kwa moja hadi kichwani mwa meza.

"Otia," akasema. "Nipe alaverdi."

Tamada akitaka kumheshimu mtu, humpa alaverdi, yaani humkabidhi neno alimalizie yeye, na pembe humfuata mwenye neno. Lakini huitoa tamada mwenyewe. Haiombwi. Na sikumbuki kama iliwahi kwenda kwa mwanamke mwenye aproni.

"Haiombwi, dada," Shakro akamnong'oneza.

"Shakro, kaa na pua yako."

Otia alikuwa ameikumbatia pembe kifuani. Alimtazama mkewe, na mimi niliyesimama nyuma ya Guliko niliona anavyopambana. Niliogopa atainywa tu ili mambo yaishe.

"Alaverdi," akasema, na sauti yake ya karamu ikakatika. "Kwa mama yake Malkhazi."

Guliko akaipokea kwa mikono miwili. Mwanamke huyu hajawahi kusema neno mezani tangu aolewe, wala sijawahi kumwona na divai mdomoni. Hakuwatazama watu. Aliongea kama anavyoongea na mtu aliye chumba cha pili.

"Malkhazi. Tekla ameolewa leo. Kijana mwenyewe si mbaya, ila anakula haraka. Nyumba tumeiezeka upya. Baba yako huyu hapa." Akaikaza pembe mikononi. "Atachelewa kuja huko. Usimsubiri."

Akadondosha tone kwenye mkate wa Otia, akainua pembe, akanywa. Alikunywa kama mtu anywaye dawa chungu, bila kupumzika, macho wazi, divai ikimchuruzika shingoni mpaka kwenye kola. Alipomaliza akaipindua. Hakikutoka kitu. Alishika bega la mumewe, na nadhani hakulishika kwa upendo peke yake, maana dunia ilikuwa imeanza kumzunguka.

Otia akalivuta jagi lake, lile lililokuwa kando. Akajaza glasi ya kawaida, ya kioo, ambayo kila mtu aliweza kuona kilichomo, akaishika juu.

"Mwanangu," akasema, na wote tulimsikia, na Shakro alimsikia. "Hii ni sharubati ya mama yako. Tangu asubuhi nakunywa sharubati. Divai yako ameninywea yeye."

Akainywa mpaka chini, machozi yanamtiririka mbele ya kijiji kizima. Tulikuwa bado tumesimama, na hakuna mwanamume aliyeketi kabla yake.