Nilivyostaafu Kujenga Madaraja ya Magazeti

Siku yangu ya kwanza kazini niliigeuza gundi ya klabu kuwa chapati, nikala. Naanza na hilo kwa sababu ninyi mnaojiunga na klabu mwaka huu mtalisikia tu kwa rafiki yangu Kevo, na Kevo huongeza chumvi. Nilikabidhiwa pakiti ya unga wa ngano, sufuria na stovu, nikaambiwa, "Changanya na maji, koroga mpaka ishike." Sasa mtu hajanywa chai, unampa unga na moto, halafu unataka gundi? Mwenyekiti wetu, mama aliyestaafu ofisi ya serikali na ambaye bado alitembea kama anayekwenda mkutanoni, alikula chapati moja akaisifu. Kisha akauliza, "Na gundi iko wapi?" Nikanyoosha kidole kwenye tumbo lake.

Jumamosi hiyo watu walijaribu kushikiza minara kwa mate.

Klabu yenyewe ilikutana ukumbini nyuma ya kanisa, hapa Riruta. Kila muhula kulikuwa na jaribio moja: mnara wa karatasi, kigari kisicho na msumari, daraja la magazeti. Hapakuwa na alama wala mtihani. Wazazi, watoto na majirani walikuja kujenga, kisha kucheka cha nani kimeanguka.

Baada ya chapati niliondolewa jikoni, nikawa Afisa wa Malighafi. Kazi ilikuwa kwenda mjini, River Road, kwa wachapishaji, kuomba magazeti ya zamani na karatasi zilizoharibika, na kuzibeba kichwani. Ilinifaa, kwani haikuwa na kuketi. Tatizo ni kwamba River Road ina vitu vingi vya kutazama. Siku moja nilirudi wakati watu wanafagia ukumbi. Nikahamishwa tena, safari hii kwa Fundi Mkuu.

Fundi Mkuu alikuwa mzee wa Kisikh aliyeunda bodi za malori maisha yake yote. Yeye ndiye aliyenifundisha bomba. Unaviringisha gazeti juu ya waya mnene, unapaka gundi, unachomoa waya, unaanika. Mabomba mengi ukiyafunga kwa pembetatu yanabeba mtu, kwa sababu pembetatu haikunjiki kama mraba. Yale marefu ya chini, yanayobeba uzito wote, huitwa boriti. Lakini bomba lazima likauke kabisa. Ukiligonga kwa kucha, lililokauka hulia ko! Bichi hunyamaza.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba sehemu kubwa ya uhandisi ni kungoja.

"Mzee, limekauka."

"Piga kucha."

Napiga. Kimya.

"Wewe kijana iko nini? Umekalia siafu? Kaa chini."

Nilikaa, nikainuka, nikazunguka ukumbi, nikarudi, nikapiga kucha. Kimya. Ndiyo siku niliyomfungia Fundi Mkuu stoo wakati wa chai, ili nione atatokea dirisha gani. Hakutokea popote. Alikaa humo akisoma magazeti ya kujengea.

Mwenyekiti akataka kunifukuza. Na nataka mjue kitu: niliipenda ile klabu. Shuleni nikiinuka naambiwa keti, nyumbani nikikimbia naambiwa tulia. Pale Jumamosi mikono yangu ilikuwa na la kufanya, na mtu akiniita "Injinia" kwa mzaha, nilikuwa nageuka. Mama yangu, ambaye hushona mapazia mjini, akaenda kuniombea.

"Haya," Mwenyekiti alimwambia. "Ajenge daraja la siku ya wazazi. Likianguka, asirudi hapa."

"Likianguka nitaanguka nalo," Mama akasema. "Mtu wa kupita juu yake ni mimi."

Mama si mwembamba.

Basi nilijenga kwa adabu. Niliviringisha, nikaanika, nikangoja hadi meno yakaniuma. Boriti zote zililia ko. Ilipofika asubuhi ya siku yenyewe, imebaki kufunga tu, Kevo akaokota boriti moja kama upanga. "Niaje, Jenerali?" Mimi nikaokota nyingine. Tulipigana kuanzia mlangoni hadi jukwaani. Nilimshinda, na boriti zote mbili zikavunjika katikati.

Niliviringisha mpya mbiombio, nikazipepea kwa kifuniko cha sufuria. Nikapiga kucha. Kimya. Watu walikuwa wanaingia, nikazifunga hivyo hivyo.

Daraja liliwekwa juu ya mabenchi mawili, katikati wazi. Lilipendeza sana, na hilo ndilo lililonitisha. Mama alikuja mbele na gauni la kanisani na viatu vya kisigino, akapunga mkono kama bibi harusi.

"Mama, ngoja! Boriti ni mbichi!"

Ukumbi ulicheka. Kila daraja la mwingine lilipopitwa, nilikuwa nikipiga kelele za uongo, "Linaangukaaa!" Mama naye akacheka. "Leo hunipati," akasema, akapanda benchi.

Sikufikiri. Watu wakimtazama Mama, niliingia chini kwa magoti na viganja, nikainua mgongo mpaka nikazigusa boriti. Kitambaa cha meza kilichotandikwa mbele, benchi hadi benchi, kilinificha. Hatua ya kwanza, magazeti yalilia. Ya pili, yakashuka polepole yakanilalia. Ya tatu niliipokea mimi. Kisigino kilipita kwenye karatasi mbichi kikaniingia katikati ya mabega, nami nikauma mkono wa shati. Mama akasimama hapo hapo katikati kupigwa picha.

Watu walishangilia. Hata Fundi Mkuu alipiga makofi, kisha akakohoa. "Hii iko imara sana. Imara hivi si kawaida." Mwenyekiti akainama, akafunua kitambaa, akawasha tochi ya simu yake ndogo ya vitufe, kamulika mwizi.

"Sheria inasema magazeti na gundi," alisema. "Haisemi mtoto."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, bila saa ya ukutani wala hotuba, nikiwa Fomu Tuu, mwaka wa pili wa sekondari. Jumamosi siku hizi nipo nyumbani, na nimeshafungua redio kwa bisibisi mara kadhaa bila sababu. Mkipita na magazeti kichwani mnaniona getini, na najua mnanicheka. Chekeni, lakini pigeni kucha.

Jioni ile tulirudi kwa miguu, mimi na Mama. Nilingoja anigombeze. Tulipofika mlangoni akanivua shati, akautazama mgongo wangu, akaugusa kwa kidole pale penye alama. Akasema hivi, neno kwa neno:

"Siku nyingine ukijilaza chini yangu, niambie kwanza nivue viatu."