Meseji Nne Kutoka Mloka

Marsela Kapinga alitoka Mbinga akiwa na miaka ishirini na sita, akaja Kibiti kufundisha hesabu sekondari. Wanafunzi walimwita Madam, na jina hilo likabaki naye hata baada ya kuacha chaki. Kompyuta alijifunza likizo kwa likizo, Dar es Salaam, kwa sababu alipenda kitu kinachofanya kile ulichokiambia na si zaidi ya hapo. Alipotimiza miaka arobaini alikuwa anaongoza timu ndogo ya watu watatu: yeye mwenyewe, Iddy aliyekuwa anaandika programu, na Mwanaidi aliyekuwa anazijaribu na kupokea simu za wanavijiji. Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na stendi. Kutwa walisikia mabati yakishushwa na wapiga debe wakiita abiria wa Ikwiriri.

Walikuwa wanatunza mfumo wa kuwasaidia wakulima wa pembezoni mwa hifadhi. Mkulima akiona tembo au kiboko shambani, anaandika meseji kwenye kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, na kuituma kwenye namba moja. Mfumo unaipeleka papo hapo kwa askari wa wanyamapori walio zamu na kwa majirani wa mashamba hayo. Askari wakiwahi na fataki zao, mpunga unapona.

Kazi ilipofika mwaka wa nne, Marsela alikuwa amepungukiwa na kitu ambacho asingeweza kukitaja. Hakuwa mgonjwa. Alikula, alilala, Jumapili alikwenda kanisani. Mume wake Paschal, afisa kilimo, alikuwa amehamishiwa Mpanda, wakakubaliana Marsela amfuate nyumba ikipatikana. Nyumba ilipatikana. Ikapita miezi sita, ukapita mwaka, na hakuna aliyelizungumza tena. Simu za kila siku zikawa za kila Jumapili, kisha Jumapili moja moja. Siku moja akiwa anakuna nazi aligundua kwamba mwezi mzima umepita hawajaongea. Akaendelea kukuna, akisubiri moyo umuume. Nazi ikaisha.

Kazini mambo yalikuwa hivyo hivyo. Iddy akimwambia kitu kimekamilika, anasema vizuri. Akimwambia kimeharibika, anasema vizuri, tutengeneze, kwa sauti ile ile. Vijana waliwaambia wenzao kwamba hawajawahi kuona bosi mvumilivu kama Madam, hapandishi sauti hata siku moja. Marsela alizisikia sifa hizo na akaziacha zipite. Yeye alijua kwamba uvumilivu ni kuzuia kitu kilichopo, na ndani yake hakukuwa na kitu cha kuzuia.

Mwezi Machi askari walilalamika. Simu mbovu ya mkulima mmoja ilikuwa imerudia meseji ile ile mara thelathini, na simu zao zikalia asubuhi nzima kwa ajili ya tembo aliyekwisha kuondoka. Pia kulikuwa na watoto waliokuwa wakichezea simu za wazazi wao. Hilari, mkuu wa akina Marsela aliyekuwa Dar es Salaam, akapiga simu akitaka makelele yapunguzwe. Iddy akatunga kanuni. Mfumo ungesubiri dakika mbili kabla ya kupeleka meseji yoyote. Ikiwa ndani ya dakika hizo simu moja imetuma maneno yale yale zaidi ya mara mbili, mfumo uzichukulie meseji zote kuwa ni mchezo, uziweke kando mpaka mtu wa ofisini azipitie. Marsela akaikubali. Simu za askari zikatulia, Hilari akashukuru.

Jumatatu moja ya katikati ya Mei, Mwanaidi aliingia chumbani kwa Marsela bila kubisha hodi.

"Madam, wamepiga kutoka Mloka. Jana alfajiri tembo wameangusha dungu la mzee mmoja, Haidari. Alikuwa juu yake analinda mpunga. Amevunjika paja. Shamba lote limekwisha."

"Alitutumia meseji?"

"Wanasema mke wake alituma. Askari wanasema hawakupata kitu."

Marsela aligeukia kompyuta yake, akafungua pale zilipokuwa zinawekwa meseji za kando. Jumapili ofisi ilikuwa imefungwa, hakuna aliyepitia. Zilikuwepo nne, kutoka simu ya Sikujua, mke wa Haidari, zote zimetumwa ndani ya dakika moja, saa kumi na moja na robo alfajiri. Alizisoma moja baada ya nyingine ingawa maneno yalikuwa yale yale. Kisha akamwita Iddy.

Iddy alisimama nyuma ya kiti chake, akasoma. Alitoka nje kwenye ngazi, akarudi akiwa amenawa uso, akakaa, akaifuta ile kanuni. Ilimchukua nusu saa, pamoja na Mwanaidi kuijaribu. Tangu hapo meseji ikirudiwa, mfumo uliipeleka mbele ya nyingine zote.

Mchana Hilari alipiga.

"Nataka taarifa kesho asubuhi," alisema. "Na jina la aliyeandika hicho kitu."

"Utaipata," Marsela akajibu.

Kila badiliko katika mfumo lilikuwa na kumbukumbu yake: nani kaandika, nani kaomba, nani kakubali. Marsela alirudi nyuma mpaka Machi. Aliyeandika ni Iddy, hilo alilijua. Lakini chini ya kazi ile Iddy alikuwa ameandika swali: "Madam, na kama mtu ana shida kweli, akatuma mara nyingi kwa hofu? Tufanyeje?" Jibu lilikuja dakika moja baadaye, saa moja na dakika arobaini na mbili asubuhi. "Sawa. Weka." Na jina la Marsela.

Hakukumbuka kuliandika. Alijaribu kuikumbuka asubuhi yenyewe, alikuwa amevaa nini, alikuwa amekaa wapi. Hakupata chochote. Alikuwa amejibu swali bila kulisoma, kama mtu anavyoitikia salamu akipita njiani.

Akaenda kwenye meza ya Iddy.

"Uliniuliza," alisema.

Iddy hakuinua kichwa. "Mimi ndiye niliyeandika, Madam."

"Iddy, uliniuliza, na mimi nikasema weka."

"Ningeuliza tena. Jibu halikufanana na swali, niliona. Nikasema labda Madam anajua zaidi yangu, niache."

"Kwa nini hukuniambia leo asubuhi, ulipoona zile meseji?"

"Ningekwambiaje? Ingekuwa kama nakusukumia wewe."

Marsela alirudi chumbani kwake akaandika taarifa. Aliandika kwamba kanuni iliidhinishwa na kiongozi wa timu, kwamba mwandishi wa programu alitoa tahadhari na kiongozi hakuisoma. Aliweka jina lake kamili. Aliisoma mara mbili, akaona kwamba anaisoma kama inayomhusu mtu mwingine, mwanamke fulani wa Kibiti. Akaituma.

Wiki ya pili walikwenda Mloka, yeye na Iddy, kwa Suzuki yake kuukuu. Iddy ndiye aliyeomba kwenda. Masika yalikuwa yanaishia na barabara ilikuwa imechimbika, wakafika saa saba mchana. Sikujua alikuwa amerudi kwa siku mbili kutoka hospitali alikolazwa mume wake, kufua nguo zake na kuokota kilichobaki shambani. Alikuwa mwanamke wa miaka kama sitini, mwembamba, kanga ameifunga kiunoni kwa nguvu. Aliwapokea uani na kuwatandikia mkeka.

"Shikamoo, mama," Marsela alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mmetoka mbali."

Walimpa pole, wakamuuliza hali ya mzee. Alisema mguu umefungwa, umening'inizwa, na daktari anasema wiki sita. Kisha akaingia ndani, akatoka na simu yake. Alibonyeza kwa kidole gumba, taratibu, mpaka akafika alipotaka, akampa Marsela.

"Nilikuwa nangoja mtu wa kumuuliza," alisema. "Tazama hapo. Mimi shule nilifika la nne tu. Nilitaka kuandika tembo, nikaruka herufi. Nimeandika tebo. Zote nne ni hivyo, maana niliituma hiyo hiyo, mikono ilikuwa inatetemeka siwezi kuandika nyingine. Ndiyo maana hamkuelewa?"

Marsela alitazama kile kioo kidogo. Tebo wako shamba la haidari njoni. Katika ofisi alikuwa ameisoma mara nne na hakuiona herufi iliyokosekana.

"Hapana, mama. Hukukosea."

"Sikukosea? Wiki mbili hizi kule hospitali namtazama mume wangu, nasema herufi moja tu. Mwenzangu kavunjika kwa herufi moja."

"Ilisomeka vizuri. Makosa ni yetu. Tuliuambia mfumo kwamba mtu akituma maneno yale yale mara nyingi, huyo anacheza. Meseji zako zikawekwa pembeni."

Sikujua alimtazama, akamtazama Iddy, akarudi kwake.

"Anacheza," alisema. "Saa kumi na moja alfajiri."

Akakaa kwenye ukingo wa mkeka.

"Sasa tutume mara ngapi ndiyo mjue hatuchezi?"

"Mara moja inatosha. Na ukirudia, ndiyo inakwenda haraka zaidi. Tumeshabadilisha."

"Lini?"

"Jumatatu ile ile. Siku ya pili yake."

"Kumbe ni kazi ya siku moja."

Marsela angeweza kunyamaza hapo. "Kazi ya nusu saa, mama," alisema.

Sikujua aliichukua simu yake, akaifuta kioo kwa ncha ya kanga, akaiweka kifuani. Hakufoka. Alisema twendeni mkaone, akatangulia mbele. Shambani mpunga ulikuwa umelala kama umepitiwa na maji, na nguzo za dungu zimevunjika, moja bado imesimama na kamba ikining'inia. Nyayo zilikuwa zimejaa maji ya mvua. Sikujua aliinama hapa na pale, akikata mashuke yaliyokuwa yamesalia, akiyaweka kwenye ungo. Bila kuambiwa, Iddy akavua viatu akaanza kukata naye. Marsela naye akakunja sketi, akaingia. Walifanya hivyo mpaka alasiri, ungo ukajaa nusu. Walipoaga, Sikujua aliwaambia wasichelewe, njia ile ikishaingia giza ina nyati.

Wakiwa njiani kurudi, karibu na kijiji cha Mkongo, Iddy alianza kulia. Alilia kwa sauti, amejifunika uso kwa mikono yenye matope. Marsela aliegesha gari pembeni, akampa chupa ya maji, akashuka akasimama nje. Jua lilikuwa bado kali. Alimsikia kijana analia ndani ya gari, na akajiona anamwonea wivu. Alijaribu kumfikiria Sikujua kwenye benchi la hospitali, akiihesabu ile herufi siku baada ya siku. Aliliona benchi, akamwona na mama mwenyewe. Macho yake yalibaki makavu. Basi, akajiambia, kama huwezi kulia, soma. Soma unachoandikiwa. Hilo halihitaji moyo, linahitaji macho. Akarudi kwenye usukani.

Hilari alimpa barua ya onyo na kumwacha kazini. Marsela aliiweka kwenye faili. Kuanzia hapo alibadilisha mambo machache. Iddy au Mwanaidi akimuuliza swali kwa maandishi, aliinuka akaenda kwenye meza yake na kumwomba aliseme kwa mdomo. Mwanzoni waliona aibu, Mwanaidi akawa anacheka, kisha wakazoea. Pia akaweka zamu: kila mwezi mtu mmoja wa timu anakwenda Mloka siku tatu, anakaa na wakulima, hata kama hakuna kilichoharibika. Zamu ya kwanza alikwenda yeye. Aliporudi alisema kwamba nusu ya wanawake aliowakuta hawatumi meseji kabisa, wanapiga simu, na ile namba haipokei simu. Walikuwa wameishi na jambo hilo miaka minne bila kulijua. Mwanaidi ndiye aliyelishughulikia.

Haidari alirudi nyumbani Agosti, akitembea kwa magongo mawili. Paja liliunga vibaya kidogo. Msimu uliofuata shamba lililindwa na mdogo wake, yeye akakaa chini kwenye kiti. Tembo walikuja mara mbili, na mara zote mbili askari waliwahi. Hakuna aliyepiga simu ofisini kushukuru, wala Marsela hakutegemea.

Baada ya msimu huo, mwezi Novemba, Iddy alipata kazi Dar es Salaam. Alikuja kumwambia akiwa amejiandaa na maneno mengi, Marsela akamwambia akae, akayasikiliza yote mpaka mwisho. Alimwandikia barua ya kumsifu, na ndani yake akaeleza kwamba huyu ni mtu anayeuliza swali linalohitajika, hata pale asipojibiwa. Siku ya mwisho alimsindikiza mpaka stendi. Aliporudi juu, alikaa akitazama kiti kitupu. Hakujua kama ile ilikuwa huzuni au ni uchovu tu.

Aliyechukua nafasi ya Iddy alikuwa Yasmin, binti wa miaka ishirini na minne, amezaliwa Bungu, amemaliza chuo mwaka uliopita. Alifika Jumatatu saa moja na nusu, amevaa viatu vipya, na begi la kompyuta begani. Akauliza meza yake ni ipi.

"Ile ya dirishani," Marsela alisema. "Lakini leo usikae. Kuna gari linakwenda Mloka saa tatu. Mwanaidi atakupa viatu vya matope."

"Nikafanye nini huko, Madam? Mfumo wenyewe sijauona."

"Ndiyo, nenda kabla hujauona. Kuna mama anaitwa Sikujua, utafikia kwake. Sasa hivi wanatayarisha mashamba. Msaidie anachofanya, na akikueleza jambo, usimkatize."

Yasmin alitazama viatu vyake, akamtazama tena Marsela kuona kama ni utani. Kisha akaweka begi juu ya meza ya dirishani, akakaa kwenye ngazi kuvua viatu.