Kosa la Callixte Lililobandikwa Kwangu

Mugambi aliandika programu ya zamu iliyonibandika kosa la Callixte, mhudumu mwenzangu, nikafukuzwa kazi kwenye nyumba ya wazee hapa Parramatta. Kosa lenyewe ni kumwacha mzee peke yake bafuni. Kanisani Merrylands habari ilifika kabla yangu. Emérance, kiongozi wa akina mama, akaniondoa kwenye kulinda watoto wakati wa ibada. "Pumzika kwanza, Mama Ineza," akasema, wenzake wakitazama sakafu.

Mugambi tunasali naye. Nilimwambia kwamba siku ile mzee huyo hakuwa wangu kumhudumia. Akajibu, "Nimeijaribu programu, mama. Haina shida."

Baadaye kosa la namna hiyo likamwangukia Mutanu, nesi wa pale pale kazini, Mkenya mwenzake Mugambi. Huyo hakulia, alipiga kelele. Ndipo Mugambi akachimba mpaka akaona, akaja kwangu na mkate mkononi. Sikumpa kiti.

"Kila zamu ikifunguliwa inakaa mahali fulani kwenye kumbukumbu ya kompyuta," akasema. "Mimi nilichukua anwani ya mahali hapo nikaifanya namba ya mhudumu. Callixte alipofunga zamu, programu ilimfuta, pakabaki wazi, ukawekwa wewe. Namba ile ile. Na onyo la kosa lake lilikuwa bado linangoja kutumwa, likatoka kwa jina lako."

"Kwa hiyo mpangaji akiiba akahama, anafungwa anayehamia?"

"Ndivyo, mama."

"Na ulipojaribu, ulijaribu nini?"

"Nilifungua zamu moja tu. Kosa halitokei mpaka moja ifungwe na nyingine ifunguliwe papo hapo. Sasa kila zamu ina namba yake, na namba hiyo hapewi mwingine tena."

"Kwangu hukuona. Kwa Mutanu wa kwenu macho yakafunguka."

Akacheka, peke yake. "Meneja nimeshamwambia, unaweza kurudi kazini. Ila kanisani tuyaache, mama. Pale nina wateja."

"Nilivuliwa nguo mbele ya watu, bwana injinia. Unataka kunivika jikoni?"

Nikamrudishia mkate wake, nikafungua mlango.

Kazini nimerudi. Lakini Jumapili watoto wanalindwa na wengine, na Emérance bado ananisalimia kwa ncha za vidole. Mugambi ninamdai asimame wakati wa matangazo, mbele ya wale akina mama, aseme kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza chake cha ofisini, kwamba mimi, Verdiane, sikumwacha mzee yeyote bafuni, na kwamba programu iliyokosea ni yake. Matangazo ya juzi yalisomwa hadi mwisho. Nilikaa nyuma yake, nikamtazama kisogo. Hakusimama.