Hewa Haipunguzi Bei

Mwanangu, iko siku moja huko mtaani Jericho ambayo huikumbuka kila nikisikia maji yakipita ndani ya kompyuta.

Nilikuwa kijana, najifunza kazi katika duka la Bi Zuhura. Mama huyo alitengeneza kompyuta kabla wengi wetu hatujagusa hata moja, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Meza zilikuwa mbili: yake, na ile ya dirishani, isiyo na mwenyewe. Akaniambia, "Mashine ya Mutiso ikitoka hapa bila aibu, meza ya dirishani ni yako." Mutiso alikuwa mtu wa kukata na kuunga video za harusi, kutoka mtaa wa Tena, naye alitaka kompyuta yake ipozwe kwa maji.

Basi nikaifunga. Viungo vya mipira ya kupitishia maji vilikuwa kumi na viwili. Nikavihesabu, kisha nikavihesabu tena, maana mimi hata vidole vyangu sivihesabu mara moja. Kila kiungo nikakizungushia tishu, ili tone likivuja lijionyeshe. Umeme nikaipa pampu peke yake, vingine vyote nikavichomoa. Nikajaza tanki, nikawasha, maji yakashuka, nikazima kabla pampu haijanyonya hewa tupu, nikaongeza. Mpaka hapo nakuambia bila haya: kazi ilikuwa safi.

Kilichobaki ni kutoa hewa. Hujificha kwenye rejeta, pale maji yanapopozwa, na juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta. Unainamisha mashine huku na huku, unazima, unawasha, unangoja. Lakini mimi sijawahi kununua nyanya kwa bei ya kwanza. Nikaiona hewa nayo ni mwenye duka tu: ikitaka siku nzima, nitaipa saa moja. Nikampigia Mutiso simu kwamba imekwisha.

Akaja. Bi Zuhura akaiinamia mashine, akasikiliza.

"Kinachochemka humo ni nini?"

"Ni feni, Bi Zuhura."

"Feni ulizozichomoa?"

Akarudi mezani kwake, akaniachia mteja wangu.

Mutiso hakujali. "Budaa, kelele nitazoea. Nina harusi mbili za kukata. Nipe niende."

Hapo ndipo nilipopimwa, mwanangu. Mteja ameridhika mwenyewe, na meza ya dirishani iko hatua tatu. Lakini nilijua mapovu yakikaa juu ya prosesa, joto litakosa pa kwenda. Mashine ikizimika katikati ya video ya harusi ya watu, jina litakalotajwa Tena nzima ni langu.

"Haitoki," nikamwambia. "Nilikudanganya. Hewa bado imo."

"Sasa unaninyima mali yangu?"

"Mpaka kesho adhuhuri. Ikichemka tena, kazi yote ni bure."

"Na isipochemka?"

"Utalipa bila kuomba upunguziwe."

Akaondoka akinung'unika. Nikaiinamisha kushoto, kulia, nyuma. Mapovu yakapanda tankini moja moja, kama wazee wanaotoka mkutanoni. Nikaongeza maji mpaka yakaacha kushuka. Nikatia alama tankini usawa wa maji, nikaja kuitazama, nikaitazama tena. Tishu zote kumi na mbili zilikuwa kavu.

Kesho yake nikarudisha umeme wote. Mutiso akaja, akatega sikio, asisikie chochote, akauliza, "Imewaka kweli?"

Nimesifiwa mengi tangu hapo, lakini hakuna sifa ninayoiweka juu ya swali hilo. Bi Zuhura aliondoa nyaya zilizorundikwa kwenye meza ya dirishani, akaipangusa kwa kitambaa chake mwenyewe.

Kwa hiyo, mwanangu, patana bei na kila binadamu, hata mimi, utashindwa lakini jaribu. Kazi ikikuambia bado, ni bado. Ukiwa umesema imekwisha na haijaisha, jirudi mteja akiwa angali mbele yako. Wala usimpe kitu kibovu kwa kuwa amekikubali. Yeye hajui anachokubali, wewe unajua.

Mungu akujalie mkono usio na papara na mashine zisizosikika. Na watu wakilitaja jina lako, wawe wanauliza njia ya kufika kwako.